Je, habari mbaya za magari ya umeme zinalipiwa? Jibu la aliyewahi kukaa dawati la magari

Mleta mada ameuliza kama kampuni za mafuta zinawalipa waandishi wayaponde magari ya umeme, maana kila akishika simu anakuta gari limeungua, betri imekufa au dereva amekwama kwenye baridi. Mdau mmoja akamjibu kwa kifupi: "Wote wamehongwa." Niliandika habari za magari gazetini kwa miaka kadhaa kabla sijahamia kazi nyingine, na hilo silikubali. Waandishi si malaika, ila hongo haihitajiki. Kazi inafanyika bila hiyo.

Inakwenda hivi. Asubuhi unafungua barua pepe, unakuta ripoti yenye jalada la kuvutia. Imeambatanishwa na muhtasari wa ukurasa mmoja, nukuu zimeshapangwa, na kuna namba moja kubwa inayojiandikia kichwa cha habari yenyewe. Mhariri anataka kitu kabla ya mchana. Profesa uliyempigia akuchambulie hizo hesabu anasema yuko darasani. Basi unaandika, unaweka "kwa mujibu wa ripoti", unaendelea na nyingine. Aliyegharimia ripoti hakukupa hata senti, na amepata ukurasa mzima.

Mfano ninaowapa watu kila mara ni wa Uingereza, Novemba 2020, siku zilezile serikali ilipotangaza kwamba magari mapya ya petroli na dizeli yangepigwa marufuku kuanzia 2030. Ikatoka ripoti iliyodai kwamba gari la umeme lazima litembee karibu kilomita 78,000 ndipo liwe safi kuliko la petroli, kwa sababu kutengeneza betri kunatoa kaboni nyingi. Magazeti yakaimeza. Kwamba Aston Martin, Bosch, Honda na McLaren walihusika, hilo lilijulikana. Ambalo halikujulikana ni kwamba kampuni ya mahusiano ya umma iliyoisambaza, Clarendon Communications, ilisajiliwa kwa jina la mke wa mkurugenzi wa Aston Martin anayeshughulikia mambo ya serikali. Waliofukua ni Michael Liebreich, mchambuzi wa nishati, na mtafiti Auke Hoekstra wa Uholanzi. Walipopiga hesabu upya, kilomita zikashuka hadi kama 25,000 hivi. Sasa jiulize ni wangapi waliosoma ile 78,000 halafu wakaja kusoma na hii ya pili.

Utamu wa namba za namna hii ni kwamba si lazima ziwe za kutunga. Volvo wenyewe mwaka 2021 walichapisha hesabu za C40 yao ya umeme dhidi ya XC40 ya petroli: ukichaji kwa umeme wa wastani wa dunia unahitaji kilomita 110,000 kufidia uchafu wa kiwandani, kwa umeme wa Ulaya 77,000, na kwa umeme wa upepo 49,000. Gari ni lilelile. Anayetaka kulichafua atachukua 110,000, anayetaka kuliuza atachukua 49,000, na hakuna kati yao atakayeitwa mwongo. Ndiyo maana nikiona namba moja tupu bila kuambiwa umeme umetoka wapi na gari limelinganishwa na lipi, naruka.

Tuje kwenye matangazo. Sijawahi kuona meneja wa matangazo akiingia chumba cha habari kusema "msiandike hili". Lakini kila mmoja wetu alijua kurasa za magari zinaishi kwa pesa za nani. Watengenezaji wa zamani na wauzaji wao walinunua kurasa, walitusafirisha kwenda kwenye uzinduzi, walitulaza hoteli nzuri na kutukabidhi funguo tujaribu gari. Hakuna aliyedai sifa. Ila ukimaliza kula kwa mtu, kalamu inakuwa nzito kidogo. Tesla kwa miaka mingi hawakununua matangazo kabisa, na mwaka 2020 ikaripotiwa kwamba wamevunja idara yao ya mawasiliano na wanahabari. Matokeo yake, habari mbaya ya Tesla ilikuwa haina wa kukasirika na haina wa kujibu simu. Unaandika "kampuni haikupatikana kutoa maoni", na siku hiyo inasomwa kuliko kitu kingine chochote kwenye tovuti. Hiyo ya kusomwa, kwa maoni yangu, ina nguvu kuliko mafuta yote ya dunia. Gari la petroli likiungua si habari. La umeme likiungua, picha inazunguka dunia kabla zimamoto hawajafika.

Kwenye moto ndipo uozo unapoonekana zaidi. Oktoba 2023 jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton liliungua, likateketeza magari zaidi ya 1,400. Usiku uleule mitandao ilishahukumu: gari la umeme. Zimamoto wakasema moto ulianzia kwenye gari la dizeli, na watu wakabaki kubishana nao. Miezi michache kabla, Julai, meli ya kubeba magari Fremantle Highway iliwaka karibu na pwani ya Uholanzi na baharia mmoja akafariki. Vichwa vya habari vikataja betri ya gari la umeme. Meli ilipovutwa bandarini, bosi wa Boskalis, kampuni iliyoshiriki kuiokoa, alisema magari ya umeme yaliyokuwemo, karibu 500, yalionekana kuwa katika hali nzuri. Chanzo cha moto hujulikana baada ya miezi, wakati mwingine kisijulikane kabisa, na mwandishi aliyeandika siku ya kwanza yuko kwenye habari nyingine. Hakuna mhariri anayetoa ukurasa wa mbele kwa kichwa kinachosema "kumbe haikuwa betri".

Kwa anayetaka takwimu, mamlaka ya dharura ya Sweden, MSB, ilihesabu moto 23 kati ya magari ya umeme na ya mseto (umeme na mafuta) yapatayo 611,000 mwaka 2022, na moto kama 3,400 kati ya magari milioni 4.4 ya petroli na dizeli. Tofauti ni ya mara ishirini hivi. Hata hapa usishangilie haraka, maana magari ya umeme mengi bado ni mapya na magari makuukuu ndiyo huungua zaidi. Pia moto wa betri ukishashika ni balaa kweli: unahitaji maji mengi na unaweza kuwaka tena baada ya kuonekana umezimika. Mwandishi akiandika hilo, hajaandika uongo.

Je, watu wa mafuta ni wasafi? Hapana. Marekani kulikuwa na kikundi kiitwacho Fueling U.S. Forward, kilichofadhiliwa na Koch Industries, na mwaka 2017 kilitoa video ya kuyachafua magari ya umeme. Desemba 2018 New York Times ilifichua jinsi Marathon Petroleum, kampuni kubwa ya kusafisha mafuta, ilivyofanya kampeni ya chinichini kulegeza sheria za matumizi ya mafuta ya magari. Angalia pesa ilikoelekezwa: kwa wabunge na vikundi vyenye majina ya kizalendo. Kumshika mtunga sheria kuna faida kuliko kumshika mwandishi, kwa sababu mwandishi atakuja mwenyewe kuripoti alichosema mtunga sheria. Wauzaji wa magari nao wana yao. Novemba 2023 karibu elfu nne wa Marekani walimwandikia Biden wakiomba mpango wa magari ya umeme upunguzwe kasi, eti wateja hawayataki. Barua haikugusia kwamba sehemu kubwa ya faida yao inatoka gereji, na gari la umeme halibadilishi oili.

Sasa niwageukie wapenzi wa umeme, maana nanyi mmezidi. Si kila habari mbaya ina mkono wa mtu. General Motors walipoita magari yao yote ya umeme ya Chevrolet Bolt yarudishwe kurekebishwa mwaka 2021 kwa kasoro ya betri, waliwaambia wenye magari waegeshe mbali na nyumba. Hiyo ilistahili ukurasa wa mbele. Reuters walipoandika mwaka 2023 kwamba Tesla ilionyesha madereva umbali mkubwa kuliko gari linavyoweza kwenda, walifanya kazi yao. Na kwenye machimbo ya kobalti, madini ya betri, huko Kongo utakuta watoto mashimoni, hata kama ni kweli kwamba viwanda vya kusafisha mafuta navyo hutumia kobalti na betri za aina ya LFP, zinazotumia chuma na fosfati, hazina kabisa. Kampuni za umeme nazo zina hisa za kupandisha na ruzuku za kulinda.

Mleta mada, ulitaja habari ya Hertz, kampuni ya kukodisha magari, kutangaza mwezi Januari 2024 kwamba inauza magari yake ya umeme 20,000, kama ushahidi kwamba magari haya yameshindwa. Soma ndani. Tesla alishusha bei ya magari mapya mara kadhaa mwaka 2023, kwa hiyo yale ambayo Hertz walikuwa wameshanunua yakaporomoka thamani mikononi mwao, na gharama za matengenezo baada ya ajali zilikuwa juu. Ni hasara ya kweli kwa aliyenunua jipya kwa bei ya zamani. Wewe umesema unataka la mkononi, kwa hiyo mporomoko huohuo unakupunguzia bei. Kabla hujalipa, dai kipimo cha afya ya betri kilichofanywa kwa mashine, kisha uliza bima wanakutoza kiasi gani kwa modeli hiyohiyo.