Skrini inayong'aa au isiyong'aa kwenye mwanga mkali?

Kwa kuwa umesema kwamba utaitumia kompyuta yako karibu na dirisha na mara nyingine nje kivulini, ningekushauri uchukue yenye skrini isiyong'aa, yaani ambayo uso wake hauakisi kama kioo. Kioo kinachong'aa, kisipopakwa utando wa kupunguza uakisi, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia, na ingawa kiasi hicho huonekana kidogo, mbele ya dirisha lenye jua kinatosha kukuonyesha uso wako na kola ya shati lako juu ya maandishi unayojaribu kuyasoma, hasa ukiwa umefungua ukurasa wenye usuli mweusi. Skrini isiyong'aa haiuondoi mwanga huo. Huutawanya tu, kwa hiyo badala ya taswira kali unapata ukungu hafifu ambao jicho huuvumilia kwa urahisi zaidi, japo rangi nyeusi hufifia kidogo na kuelekea kijivu.

Hata hivyo, usiangalie aina ya uso wa skrini peke yake (wauzaji wengi huishia hapo). Mwangaza wa skrini yenyewe una uzito mkubwa zaidi: niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 250 hutosha ndani ya chumba, lakini kwa matumizi yako tafuta niti 400 au zaidi, kwani skrini inayong'aa yenye niti 500 na utando mzuri huweza kuishinda isiyong'aa ambayo taa yake ni dhaifu. Kwenye jua la moja kwa moja zote mbili hutaabika.