Kwa nini Mputu hakucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya 2010?

Ndugu, umeuliza kwa nini Trésor Mputu hakuonekana Abu Dhabi siku TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, walipocheza fainali na Inter Milan ya Italia. Hakuwa majeruhi. Mwaka 2010, kwenye Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, kule Rwanda, alimvamia refa, FIFA wakamfungia mwaka mzima. Basi Desemba ile, kwenye nusu fainali, Kabangu na Kaluyituka wa Mazembe wakawafunga Internacional ya Brazili 2-0, Mazembe wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo, na nahodha wetu hayumo uwanjani. Mimi bado inaniuma. Fainali tulipigwa 3-0, na sisemi yeye angeigeuza, ila alistahili kuwepo.

Maana 2009 ilikuwa ya kwake: alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Kongo (DRC) iliyotwaa CHAN ya kwanza, kombe la wachezaji wa ligi za ndani Afrika, kule Kodivaa, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Mazembe hapa hapa Lubumbashi, na CAF, shirikisho la soka Afrika, wakamtaja mchezaji bora kati ya wanaocheza Afrika. Mtoto wa Kinshasa, lakini Lubumbashi tulimlea tangu 2002. Baadaye alikwenda Kabuscorp ya Angola, kisha akarudi nyumbani.