Mama asikae tu kitandani

Pole, dada. Umeuliza kama mama, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, aache kutembea kwa kuwa akifika tu bombani anahema. Asiache. Misuli ya miguu isiyotumika hulegea, na ikilegea hudai hewa zaidi kwa kazi ileile. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yenye majaribio 65, yaliona mazoezi yanapunguza kuhema na uchovu. Mapafu hayaponi, tuseme ukweli. Miguu ndiyo hupata nguvu.

Kwanza daktari ampime moyo na oksijeni. Halafu atembee hadi kwa jirani, apumzike, arudi. Avute hewa puani, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Akishindwa kuongea, asimame. Kifua kikimuuma, hospitali siku hiyohiyo.