Mjane wa redioni hupona upesi mno

Mmeuliza wiki hii iwapo michezo ya redio humwonyesha kwa ukweli mtu aliyefiwa au mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mimi ni msikilizaji wa Kadutu, hapa Bukavu, na jibu langu ni kwamba kilio chenyewe huigizwa vizuri sana, ila yanayomkuta mfiwa baada ya matanga kwisha ni nadra kusikika.

Katika michezo mingi niliyoisikiliza, mjane aliyepiga ukunga juma hili, juma lijalo yuko sokoni akiuza kwa sauti changamfu, na kisa kimekwisha kuhamia kwenye ugomvi wa urithi. Mama mdogo wangu alipofiwa na mumewe, majirani walilala nasi mpaka siku za kilio zikaisha. Walipotawanyika ndipo alipoanza kusahau chumvi mbogani, kutoitikia salamu, na kuamka saa tisa usiku akakaa mbele ya makaa yaliyozimika. Tulisema ana mawazo mengi, tukangoja yapite, na yalichukua zaidi ya mwaka.

Pale mchezo unapoigusa hali hiyo, mhusika huwa amerogwa, au ni mwendawazimu wa kuchekesha watu, na mwishowe huombewa akapona palepale. Siwalaumu wanaoomba, kwani nasi tuliomba. Lakini msikilizaji aliyekwisha kuombewa na bado hapati usingizi ataamini kwamba kasoro iko katika imani yake.

Subira ya kuifuata huzuni hatua kwa hatua inawezekana redioni. Katika The Archers, mchezo wa BBC unaoendelea tangu 1951, mhusika Greg Turner alijiua mwaka 2004, na huzuni ya mpenzi wake, Helen Archer, ikaja kugeuka ugonjwa wa kujinyima chakula. Karibu nasi zaidi, Rwanda, mchezo wa redio wa Musekeweya, ulioanza 2004, umezungumzia majeraha ya moyo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck, katika utafiti wake wa 2009, alionyesha kwamba mchezo huo haukubadilisha sana imani za wasikilizaji, bali ulibadilisha fikra zao kuhusu mwenendo unaokubalika miongoni mwa wenzao.

Kwa hiyo natamani waandishi wetu wamwangalie zaidi jirani. Yule anayesema "nyamaza, wewe si wa kwanza kufiwa" hupita katika michezo yetu bila kujibiwa na yeyote. Nipeni jirani anayerudi mwezi wa sita baada ya msiba, wakati wengine wameshasahau, na ambaye yuko tayari kumsindikiza mwenzake mpaka SOSAME, kituo cha hapa mjini kinachotibu maradhi ya akili, bila fundi wa sauti kutuwekea vicheko vya wendawazimu. Wala msiogope ukimya: mvua isikike juu ya mabati, jirani aulize "umelala leo?", na jibu lichelewe.