Maswali na Majibu: Picha za PET-CT na MRI kwa Mzee Mwenye Saratani

Bibi yetu ana miaka 87, amegundulika na saratani ya tezi za limfu, na daktari ameagiza PET-CT. Ndugu wanasema umri umekwenda, tusimsumbue. Je, kipimo hiki kinamfaa? (Msomaji, Mombasa)

Umri peke yake si sababu ya kumnyima mgonjwa kipimo, wala kuwepo kwa mashine si sababu ya kumpeleka. Muulizeni daktari swali moja kabla ya kutafuta tiketi: picha ikionyesha kwamba ugonjwa umeenea, matibabu yatabadilika vipi? Katika PET-CT mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, na kwa kuwa seli za saratani hula sukari kwa wingi, sehemu zilizoathirika hung'aa kwenye picha. Aina nyingi za saratani ya limfu huonekana vizuri kwa njia hii, na baada ya mizunguko michache ya dawa, picha ya pili huweza kuonyesha kama dawa zinafanya kazi au zinamchosha mzee bure. Kwa bibi anayejipikia uji na kwenda msikitini kwa miguu yake, faida hiyo ni kubwa, na safari ya Nairobi, ambako Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza huduma hii mwaka 2018, ina maana. Ikiwa hatoki kitandani, na imekubaliwa kwamba atapewa dawa za kutuliza maumivu tu, mwacheni apumzike nyumbani.

Mionzi ya PET-CT haitamwongezea mzee saratani nyingine? (Msomaji, Tanga)

Saratani inayotokana na mionzi ya vipimo, ikitokea, kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, kwa hiyo kwa mtu wa miaka 85 hofu hii ni ndogo kuliko kwa kijana. Nguvu ya dawa hiyo ya sindano hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, lakini kwa saa chache za mwanzo asimpakate mjukuu mchanga, na wajawazito wakae mbali naye kidogo. Mwelezeni mapema, asije akadhani anatengwa.

Baba ana kisukari na figo zake ni dhaifu. Tujiandae vipi? (Msomaji, Dodoma)

Kabla ya PET-CT mgonjwa hufunga kula kwa saa 4 hadi 6, na sukari ya damu ikiwa juu sana picha huharibika. Hata hivyo msimkatishe wala msimpe dawa za kisukari siku hiyo kwa uamuzi wenu, muulizeni daktari: akikatishwa, sukari inaweza kupanda, na akishinda na njaa huku amechoma insulini anaweza kuzimia njiani. Kama ni CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kung'arisha mishipa, tajeni hali ya figo na ombeni kwanza kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Jambo linalosahaulika sana ni mwili wenyewe: baada ya sindano atatulia kwa muda wa saa nzima, kisha atalala chali juu ya meza ngumu, mara nyingi mikono ikiwa juu ya kichwa, na bega lenye baridi yabisi halivumilii. Apewe dawa ya maumivu mapema, aende haja ndogo kabla ya kulala mezani, na apate blanketi.

Babu, miaka 91, ana saratani ya tezi dume na amekataa vipimo vyote. Tumlazimishe? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Akiwa na akili zake timamu, uamuzi ni wake, na wajukuu wanaomheshimu hawamvuti mkono. Mwulizeni tu anachokiogopa, kwa sababu wengine huogopa lile tundu jembamba la MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, kuliko ugonjwa wenyewe. Hata hivyo saratani hii hupenda kuenea kwenye mifupa ya mgongo, na miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukaziba huku mgongo ukiuma, hiyo ni dharura: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na mumweleze kwamba MRI ya uti wa mgongo, ifanyikapo mapema na kufuatiwa na matibabu, ndiyo inayoweza kumwezesha kuendelea kwenda chooni kwa miguu yake mwenyewe. Kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, wahudumu wa MRI waambiwe kabla hajaingia chumbani.