Mwanangu, dhiki yetu si deni lako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sote wazima, alhamdulillahi, na goti la baba yako sasa linampa nafuu.

Ile filamu ya Iran uliyonitumia, Children of Heaven ya Majid Majidi ya mwaka 1997, nimeiangalia na mtoto wa kaka yako, yeye akinisomea maandishi ya chini. Umeniuliza kama na sisi tulipita humo, kwenye dhiki kama ya watoto wale, na kama tulipita, mbona sikukuhadithieni hata siku moja.

Najua wewe ulilia mwishoni, pale yule mtoto Ali anaposhinda mbio. Kapoteza viatu vya dada yake, Zahra, wanavaliana raba moja kwa zamu, huyu asubuhi huyu mchana, wazazi wasijue. Zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Yeye anataka awe wa tatu, anakuwa wa kwanza. Inauma kweli. Lakini mimi nililia kwenye sukari.

Unakumbuka baba yao amekaa nyumbani anavunjavunja sukari ya msikiti? Zahra anamletea chai, baba anaulizia sukari, na mtoto anashangaa, si hiyo hapo mbele yako? Baba anamwambia hiyo ni amana. Sukari imejaa mbele yake na haigusi. Nikamwambia mtoto asimamishe kwanza.

Babu yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akitunza mafuta ya taa ya msikiti wetu. Debe lilikaa chini ya kitanda chake. Mwaka 1972 mimi nina miaka 10. Mchele na sukari vilikuwa vya foleni, na siku nyingi unarudi na kikapu kitupu. Asubuhi muhogo wa chumvi, jioni bada, ule ugali wa muhogo, na shelisheli likiwapo. Mafuta ya taa nayo adimu. Na msimu wa karafuu kazi ya usiku ni kuchambua: unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu zinaanguka huku, makonyo unayaweka kule, mpaka mikono inakuwa myeusi na inanata, na hata ukinawa, tonge unalitia mdomoni lina ukali wa karafuu. Usiku mmoja kibatari kikazimika, kimekauka. Mama akatupa jicho chini ya kitanda, asiseme neno. Baba akainuka, akakunja jamvi na karafuu zake, akalitandaza uani kwenye mbalamwezi, tukaendelea huko. Kaka yangu akauliza, kwa nini tusichukue kidogo, tukipata turudishe? Baba akamwambia, "Na tusipopata?" Hakuna aliyeuliza tena.

Basi ndiyo, mwanangu, tulipita humo.

Ila kuna jambo umeliandika sikubaliani nalo. Umesema watoto wale wanapendana kuliko sisi tulioshiba, na kwamba huenda dhiki ndiyo inayofunza watu kupendana. Hapana. Wale wamelelewa na baba asiyegusa sukari ya msikiti na mama mgonjwa anayewajali. Huko ndiko upendo wao ulikotoka. Dhiki yenyewe nimeiona kazi yake. Mjomba wako aliacha skuli mwaka ule akaenda kuchuma karafuu za watu, analipwa kwa pishi, mimi na wadogo zangu tukabaki skuli. Na yeye ndiye aliyekuwa na akili ya hesabu kutupita sote. Mpaka leo umtajie pishi ngapi na bei gani, jawabu analo kabla hujamaliza kusema. Lakini fomu ya benki anakuja nayo kwangu nimjazie. Skuli ingemfunza wema uleule na ikampa na kalamu.

Sasa, mbona sikukuhadithieni. Nimekua nikiwasikia watu wazima wakiwaambia watoto, sisi wakati wetu tulikula makopa ya muhogo mkavu, nyinyi mnabakisha wali! Mtoto anainamisha kichwa, anaumaliza ule wali, lakini hausikii utamu wake tena. Nikasema wanangu hawatakula kwa deni. Njaa yangu ilikuwa yangu, hukuiomba wewe wala hukuisababisha, na sikuona haki nikukabidhi uilipe.

Na nyinyi wenyewe mlikuwamo, ila hamkujua. Miaka ya 1980 bei ya karafuu iliporomoka. Indonesia, waliokuwa wakinunua karafuu nyingi kwa ajili ya sigara zao, wakawa wamepanda zao wenyewe. Kila ukishika picha ya harusi yetu unaniuliza zile bangili mbili ziko wapi, nami nakubadilishia mazungumzo. Zilikuwa sare yako, viatu vyako, na unga wa nyumba nzima mwaka ulioanza skuli. Viatu vile ulivichezea rede mpaka vikatoka soli, nami nilifurahi kukuona unacheza. Kama ungejua bei yake ungevivua ukaviweka kwapani.

Umesema tangu uione filamu hii unaona haya kwa maisha yako ya Dar, ukatuma mara mbili ya kawaida. Nimezipokea, Mungu akuzidishie. Nusu nimempa mjomba wako, kanunua majamvi mapya ya kuanikia. Lakini mwezi ujao tuma kilekile cha siku zote, na kinachozidi mnunulie mjukuu wangu viatu anavyovililia, wala usimtajie bei.

Mjomba wako kasikia habari za filamu na anataka kuiona. Ukija Idi, kaa naye muiangalie pamoja. Akikuhadithia yake, msikilize mpaka amalize; asipokuhadithia, usimchimbe.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi mama yako