Maswali na Majibu: Mbingu Ikichafuka Katikati ya Mashindano ya Paraglaida

Juma lililopita nilieleza kwa kifupi kuhusu mashindano ya kimataifa ya paraglaida, yaani ule mwavuli mpana wa kitambaa, usio na injini, ambao rubani huruka nao kutoka mlimani akiwa ameketi kwenye kiti cha mikanda. Barua nyingi zilizokuja zinahusu hali ya hewa. Nimechagua tano.

Shikamoo. Kama chombo hakina injini, mshindi anapatikanaje? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Marahaba. Kila siku ya mashindano waandaaji hutangaza njia yenye vituo kadhaa vya angani vinavyohakikiwa kwa GPS, na rubani anayeimaliza haraka kuliko wenzake hujipatia pointi nyingi zaidi, ambazo hazizidi 1,000 kwa siku. Nguvu ya kupanda huipata katika hewa iliyopashwa joto na ardhi. Wewe unayeishi Dodoma umekwisha kuiona: mwezi Septemba, kisulisuli kinapozoa vumbi na majani makavu uwanjani, tazama juu, huenda ukamwona mwewe akizunguka na kupanda bila kupiga bawa. Rubani humwiga mwewe, ila kisulisuli chenyewe hukikwepa, maana karibu na ardhi kinaweza kumkunjia kitambaa kabla hajapata nafasi ya kukirekebisha.

Niliona kwenye runinga mashindano yakisitishwa huku jua linawaka. Je, huo si woga? (Mwalimu, Manyoni)

Hapana, Mwalimu, na ninaomba nikujibu kwa urefu. Jua lile lile linalompandisha rubani saa sita mchana ndilo linalojenga wingu la radi ifikapo saa tisa, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi. Wingu hilo halihitaji kuwa juu ya kichwa chako ili likudhuru. Masika mmoja nilikuwa nimesimama kando ya shamba la zabibu Hombolo, jua kali, na wingu jeusi likionekana mbali upande wa kaskazini. Ghafla ukaja upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, ukang'oa turubai tulilokuwa tumejikinga nalo na kulitupa juu ya nguzo za mizabibu. Pale tulipokuwa halikudondoka hata tone moja la mvua. Hewa inayoporomoka pamoja na mvua husambaa ardhini kwa kilomita nyingi mbele ya wingu, nayo paraglaida husafiri kwa kasi ya kilomita 35 hadi 60 hivi kwa saa. Upepo ukizidi hapo, rubani anarudishwa kinyumenyume.

Hatari ya kunyonywa na wingu ni kubwa zaidi. Februari 2007, huko Manilla, Australia, marubani walipokuwa wakijinoa kwa ajili ya mashindano ya dunia, Ewa Wiśnierska wa Ujerumani alinaswa na wingu la radi likampandisha hadi mita 9,946, juu kuliko kilele cha Everest. Alizimia kwa kukosa hewa, akagandwa na barafu, akazinduka na kutua akiwa hai. Rubani wa China aliyenaswa na dhoruba hiyo hiyo alifariki. Na kumbuka kwamba mashindano yenyewe ya dunia yalikuwa bado hayajaanza.

Mwanangu anajifunza mchezo huu nje ya nchi na anataka kushindana. Wingu likimvuta, si atafungua mwavuli wa akiba? (Mama, Mpwapwa)

Mama, mwavuli wa akiba ni wa lazima, lakini kazi yake ni kumwokoa rubani ambaye kitambaa chake kimekunjika na kukataa kukunjuka. Ndani ya wingu linalovuta hewa juu kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde, mwavuli huo nao utapandishwa. Zipo mbinu za kushuka, kama kukunja ncha mbili za kitambaa, ambazo marubani huziita masikio makubwa, au kujizungusha kwa kasi kama pia. Lakini zote husaidia zikianza mapema. Akikupigia simu, usimuulize ameshinda mara ngapi. Muulize ni mara ngapi amefika mlimani, akaitazama mbingu, akakunja mwavuli wake na kushuka kwa gari.

Mashindano yakisitishwa, aliyekuwa akiongoza si ameonewa? (Msomaji, Kondoa)

Kidogo, pengine. Marubani hutoa taarifa za hali ya anga kwa redio kwa viwango vitatu, cha tatu kikiwa na maana kwamba si salama tena, na mkurugenzi wa mashindano ndiye anayesitisha. Hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma, kwa kawaida dakika 5 kabla ya tangazo, ili asiyejali hatari asivune kwa kung'ang'ania. Aliye juu huongezewa umbali kidogo kulingana na kimo chake. Lakini aliyekwisha kutua kwa hiari kabla ya hapo hubaki na umbali wake alioufikia, na hapo ndipo ninapoona kanuni bado inamwonea mwenye busara.

Je, Dodoma inaweza kuandaa mashindano kama hayo? (Msomaji, Bahi)

Joto tunalo, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jirani zetu wa Kenya hupokea marubani wa kigeni kwenye kingo za Bonde la Kerio, karibu na Iten. Kwetu, Desemba hadi Aprili ni mvua, na kiangazi huja na upepo mkali wa kusini mashariki, kwa hiyo tarehe zingepaswa kuchaguliwa kwa rekodi za Mamlaka ya Hali ya Hewa, si kwa ratiba ya wageni rasmi. Anga nayo ina ndege za abiria, hivyo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hakikwepeki. Mimi ningeanza na mwewe na daftari: mtu akae juu ya ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda, upande wa Manyoni, mwaka mzima, aandike kila siku saa ambayo upepo unageuka.